Bunduki ya kwata ina alama ya DP na mikanda myeupe, naombeni msaada kuzisoma

Mjukuu_wa_Keya
Habari zenu wakuu. Niko Coventry huku Uingereza, jirani yangu mzee amefariki mwezi uliopita, enzi zake alikuwa anafundisha vijana wa kadeti kwata, sasa mkewe kaniomba nimsaidie kupanga stoo na nyuma ya kabati tumekuta bunduki ya zamani ya bolti, mbao zake zimepakwa mikanda miwili ya rangi nyeupe, mmoja kwenye kitako mwingine huku mbele. Ubavuni, pale kitako kinapoungana na chuma, pamegongwa M47C na 1943, halafu DP kubwaaa, na hiyo DP naiona tena kwenye bolti, juu ya mtutu mpaka kwenye mbao. M47C ndio modeli yake? DP ni nini? Bi mkubwa anasema marehemu alimwambia hii ilishakufa zamani haina neno. Nauliza kwa moyo jamani, babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alienda Burma 1944 na divisheni ya 11, na uzeeni kila akishika fimbo lazima aiweke begani kama alivyofundishwa. Nilivyoishika hii mwili ukanisisimka.

fundi_chuma
Poleni na msiba. Hiyo ni Lee-Enfield No. 4, ya risasi za .303, magazini ya risasi 10. M47C sio modeli, ni namba ya siri ya kiwanda cha silaha cha BSA kilichokuwa Shirley, hapo hapo karibu na wewe. Wakati wa vita viwanda vilipewa namba za siri badala ya kuandika jina, adui akiokota silaha asijue imetoka wapi, M ni ukanda wa Midlands, za kaskazini zilianza na N na za kusini S. Na hofu ilikuwa ya kweli, BSA ya Small Heath ilipigwa mabomu Novemba 1940 na wafanyakazi wakafa. Hiyo 1943 ni mwaka iliotengenezwa.
DP ni kifupi cha Kiingereza, Drill Purpose, maana yake ni ya kwata tu. Imegongwa kila mahali kwa sababu hizi bunduki zinafunguka vipande vipande, fundi wa silaha akichukua bolti ya kwata akaipachika kwenye bunduki nzima hapo kuna mtu ataumia uso. Nyingi zilipewa DP kwa uchovu, mtutu umelika au mwili umepitiliza vipimo. Kwa hiyo usione inafunguka vizuri ukadhani ni nzima.
Angalia pia kama kuna FTR na mwaka, hiyo inamaanisha ilirudi kiwandani ikafanyiwa ukarabati mkubwa. Na ukiona mishale miwili imegusana ncha, hapo serikali iliiuza ikatoka jeshini. Usisugue na stili wuli tafadhali! Mulika tochi ya simu kwa ubavuni, herufi zitajitokeza zenyewe.

kitako_cha_mninga
Mikanda myeupe si ndio zile za kurushia grenedi?

fundi_chuma
Hapana mkuu, za grenedi zilikuwa zinazungushiwa waya kwenye mbao za mbele ili zisipasuke kwa ule mshindo. Rangi nyeupe ni ya kwata, sajenti aione hata akiwa mbali.

Bi_Rehema_Brum
Samahanini naingilia, ila hapa kuna jambo zito kuliko alama. Mdogo wangu, DP SIYO cheti. Kwa sheria ya Uingereza bunduki ya DP inaweza kuhesabika silaha kamili hata kama jeshi lenyewe lilishaikataa, na kukaa nayo bila kibali ni kosa la jinai, hawaangalii kwamba ulikuwa unamsaidia mjane. Silaha iliyouawa kisheria, yaani iliyoharibiwa isifyatue tena, tangu 1989 inatakiwa iwe na muhuri wa ofisi ya kupima silaha ya London au Birmingham, na karatasi yake. Kuna toleo moja la miaka ya 70, L59A1, hilo jeshi lilikata chuma kabisa, mtutu na bolti, wakati wa wasiwasi wa IRA, wapiganaji wa Ireland, kuiba silaha za kadeti, lakini hata hilo usijiamulie mwenyewe. Iacheni hapo hapo mlipoikuta, USIIPAKIE kwenye gari, mama mwenyewe apige 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, aeleze.

Mjukuu_wa_Keya
Dada Rehema Mungu akubariki, hilo la gari ndio nilikuwa nimeshalipanga kesho nimpelekee rafiki yangu aione. Mama kapiga 101, wamekuja polisi wawili wapole tu, wametafuta muhuri hakuna, karatasi hakuna, wameondoka nayo na wamemwachia mama risiti. Kabla hawajafika nilimulika tochi kama fundi alivyosema bila kuigusa, nikaona FTR na mwaka nadhani 1950. Nikapiga picha, nikamtumia baba Songea. Kanipigia usiku, kaniuliza nikadirie uzito wake, nikamwambia kama kilo nne, akanyamaza kidogo, akasema ndio, kilo nne, mzee alikuwa akisema hivyo hivyo.