Neno "present" linakatwaje mwishoni mwa mstari? Naombeni msaada kabla ya Ijumaa

Mpangakurasa: Wakuu, heshima kwenu. Napanga kurasa kwenye duka la uchapaji hapa Morogoro. Nina kijitabu cha mazoezi ya Kiingereza cha kidato cha kwanza, na mwalimu aliyekiandika amenirudishia nakala ina wino mwekundu mahali pawili. Ukurasa wa 6 nilikata pre-sent, akasahihisha pres-ent. Ukurasa wa 11 nilikata pres-ent, akaandika pre-sent! Simu yake haipatikani tangu asubuhi. Neno ni lilelile, herufi zilezile. Nishike lipi? Hiki watakisoma watoto, sitaki wajifunze kosa kupitia mkono wangu.

Babu Kamusi: "Pre" ni kiambishi awali. Kata pre-sent kote, umemaliza.

Mwalimu wa Zamu: Hapana mzee wangu, kwa hilo tutampoteza kijana. Mpangakurasa, sentensi zenyewe zinasemaje?

Mpangakurasa: Ya kwanza mtoto kapewa zawadi. Ya pili mkuu wa shule atakabidhi vyeti.

Mwalimu wa Zamu: Basi mwalimu wako yuko sahihi kote kuwili. Zitamke kwa sauti. Zawadi ni nomino, mkazo uko mwanzoni: PREZ-ent. Ile "e" ni fupi, kwa hiyo "s" inabaki nayo, pres-ent. Kukabidhi ni kitenzi, mkazo unahamia mwishoni: pri-ZENT, ndipo inakuwa pre-sent. Mwanafunzi anapoitikia jina lake, au tukitaja wakati uliopo, tunarudi kwenye pres-ent. "Record" nalo ni hivyo: kumbukumbu ni rec-ord, kurekodi ni re-cord.

Sisi jambo hili linatuponyoka kwa sababu ya lugha yetu. Barabara ya magari tunasema ba-ra-BA-ra, lakini kazi iliyofanyika vizuri imefanyika ba-RA-ba-ra. Mkazo umehama, maana imehama, ila kistari hakina pa kuhamia kwa kuwa kila silabi imeishia kwenye irabu.

Babu Kamusi: Nakubali, mwalimu. Mimi niliangalia asili tu: Kilatini "prae", mbele, na "esse", kuwa. Aliyepo yuko mbele yako, na zawadi ni kitu kilicholetwa mbele ya mtu. Mzizi mmoja.

Fundi Herufi: Mpangakurasa, hukukosea peke yako, hata kompyuta hapo hukwama. Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth, aliandika tasnifu yake ya 1983 pale Stanford kuhusu kukata maneno kwa kompyuta. Kanuni za kukata maneno ya Kiingereza za TeX, programu ya kupanga kurasa aliyoibuni Knuth, zina orodha ya maneno 14 ya pekee, na humo "present" na "project" yamewekwa bila kistari hata kimoja. Programu haijui kama unasema zawadi au kukabidhi, kwa hiyo hailigusi. Nawe zuia neno hilo lisikatwe, kisha rekebisha nafasi za mstari. Tena muulize mwalimu anafuata kamusi ya wapi: Wamarekani hukata knowl-edge, Waingereza wengi know-ledge.

Mpangakurasa: Asanteni sana, nimeelewa. Ukurasa wa 6 neno limekaa zima. Wa 11 mstari ulikuwa unaachia mapengo mabaya, nimekata pre-sent kama alivyoandika. Sasa napitia "record" zote, ziko tisa.

Mwalimu wa Zamu: Zisome kwa sauti moja moja, mwanangu.