Kufundisha mashairi huru kwa wanafunzi wanaoyaita guni

Mwalimu wa Kidato cha Tatu (Kenya)

Walimu wenzangu, nawasalimu. Wanafunzi wangu wa Fasihi wameimudu arudhi, yaani kanuni za ushairi wa kimapokeo, barabara: wakipewa tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) watakuonyesha ukwapi na utao (vipande vya mshororo), watahesabu mizani (silabi), watataja inkisari na tabdila (kufupisha na kugeuza maneno ili vina na mizani vitimie), na alama zao watazipata. Nikiwapa shairi la Euphrase Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, kutoka diwani yake *Kichomi*, hujibu kwa sentensi moja kwamba ni shairi huru kwa kuwa halina vina wala mizani, kisha kalamu zinawekwa chini. Mmoja wao, ambaye babu yake ni malenga, alisema mbele ya darasa kwamba hizo ni guni tu, yaani mashairi yenye kasoro za arudhi, na kwamba watu wa bara walikimbilia huko baada ya kushindwa na vina. Sikutaka kumnyamazisha kwa cheo changu. Je, ninyi mnaanzia wapi ili mwanafunzi aone kilichomo ndani ya shairi, badala ya kuorodhesha visivyokuwamo?

Mwalimu Mstaafu (Mombasa)

Mwalimu, huyo kijana amekupa somo zima bila kujua, kwa hiyo usimwache hivi hivi. Hoja yake si ngeni. Wahenga wetu wa ushairi waliitoa tangu miaka ya 1970, baada ya Mulokozi na Kahigi, washairi wa bara, kutoa *Mashairi ya Kisasa* mwaka 1973 na Kezilahabi kufuatia na *Kichomi* mwaka 1974, diwani zenye mashairi huru. Ila hoja hiyo inakwama ikifika kwa Alamin Mazrui, ambaye ni mwana wa Pwani na amelelewa katikati ya mashairi ya arudhi. Yeye alizuiliwa na serikali mwaka 1982, na katika *Chembe cha Moyo*, diwani iliyotoka mwaka 1988, utakuta mashairi huru. Nani atasema alishindwa na vina?

Mimi nilikuwa nikimsoma darasani sambamba na Abdilatif Abdalla, mwenyeji wa Mombasa pia, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 na kutunga *Sauti ya Dhiki* gerezani, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Katika “Siwati” msimamo wa mtu asiyeyumba unabebwa na umbo lisiloyumba: mizani ileile, vina vilevile, ubeti baada ya ubeti. Wanafunzi wakishaona kwamba umbo lile linasema jambo, waulize shairi la Mazrui linasema nini kwa kukatika pale linapokatika. Wafungwa wawili wa kisiasa, nchi moja, pwani moja, maumbo mawili. Hapo swali la nani anaweza na nani hawezi linajifia lenyewe, na swali la kwa nini linazaliwa.

Msomaji wa Ukerewe (Mwanza)

Nakubaliana na Mwalimu Mstaafu, lakini naona bado mwanafunzi anahitaji kitu cha kufanya kwa mkono wake. Chagua shairi fupi la Kezilahabi, uliandike ubaoni kama aya ya nathari, bila kuonyesha mistari ilivyokatwa, kisha kila kikundi kilikate upya kadiri kinavyoona na kusoma toleo lake kwa sauti. Watabishana, na ubishi huo ndio somo. Ukifunua toleo la mshairi, wataona kwamba mstari mshata, yaani ule unaoishia kabla maana haijakamilika, ambao wanaukariri tu kwa ajili ya mtihani, unamfanya msomaji asubiri, na kwamba neno lililoachwa peke yake katika mstari limepewa uzito kwa makusudi. Katika utangulizi wa *Kichomi* Kezilahabi mwenyewe alieleza kwamba alikusudia kutumia lugha ya mazungumzo ya kila siku. Basi waulize kama alifaulu, maana kuna mahali ambapo maneno ni mepesi na maana ni nzito kupindukia.

Baada ya hapo wape “Ngoma na Vailini” la Ebrahim Hussein, ambamo nafsineni, yaani anayezungumza katika shairi, inavutwa huku na ngoma na huku na vailini. Mwanafunzi anayesali kwa lugha moja, anayecheza kwa nyingine na kufanya mtihani kwa ya tatu hahitaji kuelezwa mvutano huo.

Mtahini Mkaidi (Nakuru)

Naomba nitofautiane kidogo. Mbinu hizi ni nzuri, lakini katika karatasi ya tatu ya Kiswahili (Fasihi) ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kila swali lina alama 20, na mwanafunzi atakayeandika hisia zake juu ya ukimya baina ya mistari, bila kutaja nafsineni, toni, usambamba (miundo inayofanana), takriri (marudio) na mistari mishata, atapoteza alama alizostahili. Istilahi zije baada ya ubishi wa vikundi, siku hiyohiyo, zikibandikwa juu ya kile walichokwisha kukiona wenyewe.

Jambo la pili ni onyo. Walimu wengi wakifurahia mafanikio ya mashairi haya huruka moja kwa moja hadi riwaya za Kezilahabi, *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991). Riwaya hizo ni fupi kwa kurasa, lakini hazina msuko wa kawaida wala mahali panapotambulika, nazo zinadai subira ambayo kidato cha tatu hakina. Toa kurasa mbili za *Nagona*, zisomwe kama shairi, na waulize wanaona nini na wanasikia nini kabla ya kuuliza maana. Anayetaka zaidi atakufuata ofisini kuazima kitabu.