Tupeane uzoefu: kisima chako maji yako mita ngapi siku hizi? (Dodoma na kanda kame)

Wakuu habari za mashamba. Nalima zabibu kaskazini ya Dodoma mjini, kisima nilichimba 2013, mita 70, maji nayakuta mita 22. Oktoba 2022 nawasha pampu nasikia mlio umebadilika, maji yanatoka yanakatika, yanakuja na povu, kumbe inavuta hewa. Nikazima mbio nikateremsha kamba ya jiwe, mita 39! Na pampu iko 40. Kilichonichanganya ni kwamba msimu ule mtama ulinitokea vizuri tu, sasa maji yameenda wapi?

Nikaja kufuatilia Makutupora, kule yanakotoka maji ya mjini, visima vyake vinapimwa tangu miaka ya 1950. Maji yanashuka polepole miaka na miaka halafu msimu mmoja wa mvua kubwa sana unayapandisha ghafla, na ule wa El Nino 1997/98 ndo uliyapandisha kuliko yote. Mvua yetu ya kawaida, milimita 550 hivi kwa mwaka, jua na mimea vinaimaliza hukohuko juu. Nyie kwenu ikoje?

*Wa korongoni:*
Mkuu umenigusa. Mimi nachimba mchangani pembeni ya korongo. Mvua inaweza kunyesha shambani wiki nzima kisima kisisogee, ila korongo likishuka na maji siku nne tano mfululizo, basi hazipiti siku nyingi ndoo naigusisha maji kwa kamba fupi. 2020 lilishuka hivyo, likajaza kisima na likabeba vitunguu vyangu robo eka pamoja na mpira wa kumwagilia, nilikaa ukingoni nalia.

*Mama wa Bahi:*
Kwangu maji yaliposhuka fundi akasema tuongeze kina, tukaongeza, tukakuta chumvi. Nyanya zikaanza kuungua ncha za majani, udongo ukikauka unabaki mweupe juu. Jamani kabla hujaongeza kina onja maji ya jirani mwenye kisima kirefu, mimi hakuna aliyeniambia.

*Kijana wa sola:*
Shikamooni. Tangu nifunge sola sikuwahi kupima, jua likiwaka nayo inavuta tu mpaka jioni, na majirani watatu hivyohivyo. Mnapimaje?

*Mwanzisha mada:*
Marahaba mdogo wangu. Kamba ya manila isiyovutika, fundo kila mita, jiwe mwishoni. Pima alfajiri kabla pampu haijawaka, maana ukipima jioni unapima kazi ya pampu, maji yenyewe hayajarudi. Andika tarehe kwenye daftari, mara moja kwa mwezi inatosha. Na hao majirani watatu kaeni mpangiane siku, mnachota chungu kimoja. Mama wa Bahi pole sana, hiyo ya kuonja naipeleka kikundini kwetu.

Mimi baada ya mvua za 2023/24 yalipanda mpaka 27. Leo alfajiri nimepima, 30.