Tuzo ya utafiti bora wa familia: waamuzi wanasoma nini?

Wakuu, hili linaudhi na lisemwe wazi. Kila mwaka hapa Dar watu wanapigiwa makofi kwa utafiti bora wa familia, na waamuzi wamesoma muhtasari na majedwali tu. Dodoso lenyewe, yaani karatasi ya maswali waliyoulizwa watu, hawaliombi!

Angalieni suala la kaya. Sensa ya 2022 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Tafiti nyingine huhesabu wakazi wa kawaida, wawe wamelala hapo au la. Zote sawa, mradi useme umetumia ipi. Sasa chukua baba anayeendesha lori la Tunduma, mke na watoto wako Manzese, hela ya matumizi anatuma kwa simu. Kwa kanuni ya kwanza hayumo, kwa ya pili yumo. Mdodosaji asiyefundwa anamwandika mama "mkuu wa kaya", anafunga ukurasa, halafu makala inatangaza kwamba akina baba wametelekeza familia. Hiyo ndiyo ya kupewa ngao?

Na muda je? Ukibisha hodi Jumanne saa nne asubuhi, waliodamka kuwahi Kariakoo huwapati. Utaratibu unajulikana: ukimkosa mtu unarudi, hata mara tatu, kwa siku na saa tofauti, jioni na Jumapili zikiwemo. Wanaobana bajeti wanahamia mlango wa pili, sampuli inatimia, na hakuna anayeuliza kaya ngapi zimerukwa. Tena nyumba ya vyumba sita, kila mpangaji na chungu chake, inaandikwa kaya moja kwa jina la mwenye nyumba.

Tuzo ya Kanter ya utafiti wa kazi na familia, wanayoisimamia vyuo vikuu vya Purdue na Boston College kule Marekani, haipokei maombi: jopo lenyewe hupitia makala zaidi ya 2,500 kwa mwaka. Ina kasoro, maana majarida yake ni ya Kiingereza. Sisi kasoro hiyo tumeibeba, kazi ya kusoma tumeiacha. Fomu anajaza mwenye makala mwenyewe.

Kamati ziache uvivu. Mwakani zidai dodoso la Kiswahili kama lilivyosomwa mlangoni, maana ya kaya iliyotumika, idadi ya kurudi na idadi ya waliokosekana. Asiyeambatanisha, makala yake irudishwe bila kusomwa.