Kitambaa cha meza: gumzo la kikundi cha ukoo

Idi: Shikamooni wote. Nimeimaliza ile filamu ya 2022 ya Elvis Presley, yule mwimbaji wa Marekani, aliyonitumia mjomba. Saa mbili na dakika arobaini hivi, sikunyanyuka. Sasa usingizi umegoma.

Mjomba Salum: Marahaba mwanangu. Nilijua itakukamata. Umemwona Elvis akiwa mtoto anavyochungulia kwenye tundu la ukuta pale mwanzoni?

Idi: Nimerudia mara tatu. Yule bwana mwenye gitaa mle ndani ni nani?

Mjomba Salum: Ndiye Arthur Crudup. "That's All Right" ni wimbo wake, aliurekodi 1946. Elvis akaja kuurekodi Memphis Julai 1954, ana miaka 19, kwenye studio ya Sam Phillips. Siku chache baadaye redioni ulipigwa na kurudiwa usiku mmoja, watu wanapiga simu hawakomi. Crudup alifariki 1974 akiwa bado anadai haki zake. Na Big Mama Thornton, aliyeimba "Hound Dog" kabla ya Elvis, mwenyewe alisema alichopata ni hundi moja ya dola 500. Kila ukiliona lile gari la Elvis, Cadillac ya pinki, uwakumbuke hao.

Idi: Nitawakumbuka mjomba. Ila kipande kilichoniua ni kile cha 1968, amevaa ngozi nyeusi, watu wamemzunguka karibu kabisa.

Mjomba Salum: Ahaa! Na hilo lilitokea kweli. Parker, meneja wake, alitaka kipindi cha TV cha nyimbo za Krismasi, mwongozaji Steve Binder akakataa. Wakamkalisha Elvis na wenzake wa zamani, Scotty Moore na D.J. Fontana. Sasa wewe mpiga gitaa tafuta picha halisi za siku ile, uangalie mikono. Kuna mahali anachukua gitaa la umeme la Scotty, na kuanzia hapo mkono wa kulia unabadilika kabisa, anapiga kama mtu aliyefunguliwa kamba. Miaka saba hivi alikuwa hajapanda jukwaani mbele ya watu, yuko Hollywood anatengenezewa filamu moja baada ya nyingine.

Rehema: Mimi nililia mwishoni. Amekaa kwenye piano, uso umevimba, jasho linamchuruzika hadi kidevuni, kuna mtu pembeni amemshikia maiki. Halafu unashtuka kumbe si mwigizaji tena, ni Elvis mwenyewe. Ile ni picha ya Juni 21, 1977, Rapid City. Wiki 8 baadaye akafariki, Agosti 16, ana miaka 42.

Hamisi: Poleni jamani, lakini tuseme ukweli. Mtu ana jumba, ana ndege yake, dunia nzima inamjua. Vidonge alimeza kwa mkono wake. Alijimaliza mwenyewe.

Rehema: Kaka Hamisi, mimi kazi yangu ni ya dawa kila siku, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Vile vidonge havikutoka kichochoroni. Viliandikwa na daktari. Kuanzia Januari hadi Agosti 1977 daktari wake alimwandikia zaidi ya dozi 10,000. Za kulala, za kuamka, za maumivu. Mtu akifika hapo haamui tena, mwili ndio unaomwamulia. Na waliomzunguka wote walikuwa wanalipwa naye. Nani angesema basi?

Hamisi: Dozi 10,000? Kwa mtu mmoja?

Rehema: Kwa jina lake. Bodi ya madaktari ikamsimamisha yule daktari miezi mitatu, na 1995 ndipo akanyang'anywa leseni kabisa. Miaka 18 baadaye.

Shangazi Mwajuma: Shikamoo kaka Salum. Watoto hamjambo. Nimesoma yote kuanzia juu. Hamisi, baba, na mimi niliwahi kusema kama wewe. Halafu nikatazama ile filamu kwa jicho la mtu wa mahesabu. Mnakikumbuka kile kipande cha Las Vegas? Elvis yuko jukwaani anaimba mpaka nywele zimemganda usoni, na palepale ukumbini Parker amekaa na mwenye hoteli, anaandika makubaliano kwenye kitambaa cha meza.

Idi: Nilidhani wametunga, shangazi.

Shangazi Mwajuma: Kitambaa kilikuwepo, 1969. Miaka mitano ya kazi ya mtu iliandikwa pale penye vikombe, na mwenye sauti hayupo mezani. Na huyo Parker alikuwa mcheza kamari mkubwa katika hoteli hiyohiyo. Sasa meneja wako anadaiwa na tajiri wako, atakutetea vipi?

Mjomba Salum: Marahaba dada. Ongeza na ile ya pasipoti.

Shangazi Mwajuma: Hiyo nayo. "Kanali Tom Parker" alizaliwa Breda, Uholanzi, 1909, jina lake Andreas van Kuijk. Aliingia Marekani bila karatasi, pasipoti ya Marekani hakuwa nayo, na hata ukanali ni wa heshima tu, alipewa na gavana wa Louisiana. Elvis alitamani kuzunguka dunia. Nje ya Marekani aliimba Kanada peke yake, 1957, basi. Badala ya safari akawekwa Las Vegas, maonyesho zaidi ya 600, mara nyingi mawili kwa usiku. Hapo ndipo vidonge vya Rehema vinapoingia.

Rehema: Ndiyo shangazi. Cha kumpandisha jukwaani, cha kumlaza, na kesho tena.

Hamisi: Basi nimeelewa. Na huyo Parker alikuwa anachukua kiasi gani?

Shangazi Mwajuma: Mwanzoni asilimia 25. Kuanzia 1967 asilimia 50. Na Machi 1973 wakaiuzia kampuni ya rekodi haki za nyimbo zote za nyuma kwa dola milioni 5.4, nusu kwa nusu na Parker. "Heartbreak Hotel", "Jailhouse Rock", zote zikaondoka. Tangu siku hiyo kila santuri ya zamani ikiuzwa, kwa Elvis hakuna mrabaha, yaani fungu la mwimbaji kwa kila nakala. Baada ya Elvis kufa, jaji wa Memphis akamteua wakili amwangalizie binti yake, Lisa Marie, maslahi yake. Wakili akasema wazi kwamba mameneja wengine walikuwa wakichukua asilimia 10 hadi 15.

Mjomba Salum: Ila filamu imekosea kidogo. Pale anapomfukuza Parker jukwaani mbele ya watu, haikuwa hivyo. Walibishania chumbani, na Parker akamletea bili ya mamilioni ya dola. Elvis na baba yake wakapiga hesabu, wakaona hawana cha kulipia, akarudi kwake. Mimi hiyo ya kweli inaniuma zaidi kuliko ile waliyoiigiza.

Shangazi Mwajuma: Mimi pia. Kumfukuza aliweza. Bili ndiyo ilimrudisha.

Rehema: Bibi yuko hapa kwangu, nimemsomea yote. Anasema niandike hivi: "Mnahesabu pesa tu. Huyo kijana mama yake alikufa yeye yuko jeshini, Agosti 1958. Mtoto wa pekee, pacha wake alizaliwa maiti. Mama ndiye aliyekuwa akimwambia hapana. Baada ya hapo nani mwingine alimwambia hapana?"

Mjomba Salum: Mama umesema. Na kwenye filamu, pale anaposhika nguo za mama kabatini na kulia, Parker ndiye anayekuja kumtuliza.

Idi: Shangazi, naomba niseme kitu. Wiki iliyopita kuna mtu amenipa mkataba. Anataka awe meneja wangu. Sikumwambia mtu yeyote.

Hamisi: Idi!

Idi: Ni miaka saba. Yeye asilimia 40, kabla ya gharama. Na kuna sehemu inasema rekodi zote "zilizopo na zitakazokuwepo" ni zake. Kaniambia nisaini kabla ya Jumamosi maana kuna kijana mwingine anasubiri. Nilikuwa nimeshaamua nisaini. Ndiyo maana silali.

Mjomba Salum: Umefanya vizuri kusema. Hakuna anayekugombeza hapa.

Shangazi Mwajuma: Mwanangu, usisaini. Sisemi mtu huyo ni mbaya, simjui. Nasema kabla ya gharama maana yake ni hii: ukipata 100, yeye 40 zake ziko mfukoni tayari. Nauli, studio, wapiga vyombo, vyote vinatoka kwenye 60 zako. Unaweza kuimba mwaka mzima ukabaki unadaiwa. Na hilo neno "zitakazokuwepo" ni nyimbo ambazo hata hujaziota bado.

Idi: Nikikataa nafasi itapotea?

Shangazi Mwajuma: Mwambie unampelekea wakili asome, unahitaji wiki mbili. Akikataa wakili asisome, hilo ni jibu tosha. Nina mwanasheria ninayefanya naye kazi, asubuhi nitampigia.

Rehema: Bibi anauliza, wimbo ule wa mvua ni wako au ni wa huyo bwana?

Idi: Bado ni wangu, bibi.

Rehema: Anasema basi umwimbie Ijumaa ukija.

Shangazi Mwajuma: Idi, kurasa ulizonituma ni nne, ya tatu imekatika chini na ndiyo yenye malipo. Iweke mezani chini ya taa, unyooshe kona, upige tena.

Idi: Napiga sasa hivi.