Mgonjwa wa saratani aliye kwenye kemo na anaharisha: dawa ya minyoo kwanza au kipimo cha choo kwanza?

Binti Anayeuguza (Dar es Salaam)

Habari zenu nyote. Ninamuuguza mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, anayetibiwa saratani ya titi hapa Dar es Salaam. Amekwisha kupata mizunguko miwili ya dripu za kemo, na wa tatu umepangwa wiki ijayo. Mama ni mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero. Tangu utoto wake amelima majaruba kwa miguu mitupu, na mpaka alipoanza kuugua alikuwa akinywa maji ya kisima bila kuyachemsha. Baada ya mzunguko wa pili ameanza kuharisha choo chepesi mara nne au tano kwa siku. Hana homa wala damu kwenye choo, ila tumbo linamnyonga na uzito unashuka.

Mama mdogo amekuja kutoka kijijini na vidonge vya albendazoli pamoja na chupa ya maji ya mwarobaini aliyoyachemsha mwenyewe. Anasema mtu aliyelima jarubani miaka yote hiyo hawezi kukosa minyoo, na kwamba dawa ya minyoo haijawahi kumdhuru mtu. Kaka yangu anasema ni dawa za saratani zenyewe zinazomharisha na hali hiyo itapita. Je, tumpe dawa ya minyoo kabla ya dripu ijayo, au tufanye nini?

Daktari wa Wodi

Pole kwa kuuguza, dada. Nimefanya kazi kwa muda mrefu na wagonjwa wa saratani, nami nitajibu kwa jumla tu, kwa kuwa daktari anayemtibu mama ndiye mwenye faili lake.

Kaka yako hajakosea kabisa. Ziko dawa za saratani zinazoharisha zenyewe, hasa irinotekani, florourasili na kapesitabini, kwa sababu hushambulia chembe zinazogawanyika upesi, na utando wa ndani ya utumbo umejaa chembe za namna hiyo. Hata hivyo, utando huo ukishachubuka na chembe nyeupe za damu zikishashuka, vimelea ambavyo kinga ya mwili ilikuwa imevidhibiti hupata nafasi. Giadia na kriptosporidiamu, ambavyo mtu mwenye afya anaweza kuvishinda bila hata kujua alikuwa navyo, vinaweza kukaa kwa wiki nyingi ndani ya mgonjwa wa kemo na kumkausha maji. Kwa hiyo sababu ya kuharisha huku haiwezi kujulikana kwa kukisia, iwe ni kisio la kaka au la mama mdogo.

Kilichonifanya niandike kwa kirefu ni hayo majaruba. Yupo mnyoo mdogo sana aitwaye strongiloidesi, ambaye mabuu yake huishi katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu. Mpaka hapo anafanana na safura. Tofauti ni kwamba huyu anaweza kuendeleza kizazi chake ndani ya mtu yuleyule: baadhi ya mabuu hukomaa yakiwa bado tumboni, yakapenya ukuta wa utumbo au ngozi ya njia ya haja kubwa, na kuanza mzunguko upya bila mtu kukanyaga tope tena. Ndiyo maana wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mateka wa Wajapani katika Vita Kuu ya Pili, waliolazimishwa kujenga reli ya kati ya Thailand na Burma, walikutwa na mnyoo huyu miongo kadhaa baada ya kurudi kwao. Mtu anaweza kuzeeka naye asipate zaidi ya muwasho wa ngozi na tumbo kuvuruga mara mojamoja.

Hatari huja na steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mzio. Wagonjwa wengi wa kemo hupewa deksamethasoni ili wasitapike, na anayepewa paklitakseli huipata pia ili kuzuia mzio. Wenye saratani ya mitoki mara nyingi hupewa predinisoloni miligramu 100 kwa siku, kwa siku 5, katika kila mzunguko. Dawa hizo zina kazi yake na siwezi kumshauri mtu aziogope, lakini hudhoofisha kinga ileile inayomzuia strongiloidesi, na mabuu huongezeka bila kipimo, yakatoboa utumbo, yakasambaa mapafuni na hata kwenye ubongo, huku yakiburuta bakteria wa tumboni hadi kwenye damu. Mgonjwa huletwa akiwa na homa ya ghafla, kikohozi na kubanwa kifua. Anatibiwa nimonia, na hakuna anayekumbuka kuuliza kuhusu minyoo. Akifikia hapo, vifo ni vingi hata kwa wanaopewa tiba sahihi. Wakati wa janga la UVIKO-19, deksamethasoni ilipoanza kutumika kwa wingi, tahadhari hii hii ilitolewa kwa wagonjwa wanaotoka maeneo yenye mnyoo huyu.

Naomba, kabla ya dripu ya tatu, umweleze daktari wake maneno yaleyale uliyotuandikia: kwamba mama amelima peku maisha yake yote, kwamba alikunywa maji ya kisima, na kwamba anaharisha tangu lini. Faili huandikwa hatua ya saratani, uzito na majibu ya damu. Mara nyingi haliandikwi kwamba mgonjwa ni mkulima wa mpunga. Wala msitulizwe na majibu ya damu yanayoonyesha kwamba eosinofili, chembe nyeupe ambazo kwa kawaida hupanda mtu akiwa na minyoo, hazijapanda, kwa sababu steroidi na kemo huzishusha hata minyoo ikiwa imejaa tumboni.

Na iwapo atapata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au damu kwenye choo, au kizunguzungu na mkojo kupungua, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hasa ikiwa ni kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kipindi ambacho kwa kawaida chembe nyeupe huwa chini kabisa.

Mtu wa Maabara (Mwanza)

Naongezea kuhusu kipimo chenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukipeleka choo mara moja ukaandikiwa kwamba hakuna kilichoonekana, usilichukue hilo kuwa jibu la mwisho. Kipimo cha kawaida ni chembe ya choo iliyochanganywa na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, ikatazamwa kwa hadubini. Mabuu ya strongiloidesi hutoka machache na kwa vipindi, na vifuko vya giadia vivyo hivyo, kwa hiyo ombeni kupeleka sampuli tatu za siku tofauti.

Kriptosporidiamu haionekani vizuri kwa njia hiyo, kwa kuwa vifuko vyake ni vya mikroni 4 hadi 6 tu na asiyevitafuta hudhani ni hamira. Vinahitaji rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, ambayo huvitokeza vyekundu juu ya sehemu ya kijani au buluu. Rangi zake hazitofautiani sana na zile tunazotumia kutafuta vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi, lakini fomu ikiandikwa "choo" bila maelezo, kwa kawaida hatuzitumii. Mwombeni daktari aandike kwamba mgonjwa yuko kwenye kemo na kwamba anataka kriptosporidiamu na strongiloidesi vitafutwe.

Kwa strongiloidesi ipo njia ya Baermann, ambayo haihitaji mashine ya gharama: choo hufungwa ndani ya shashi, kikawekwa kwenye faneli yenye maji ya uvuguvugu na mpira uliobanwa kwa chini, mabuu yaliyo hai hutoka yenyewe kufuata uvuguvugu, yakazama, na baada ya saa kadhaa tunafungua kibanio na kuyatazama. Kwa sababu hiyo sampuli isiwekwe kwenye friji. Ichukuliwe kwenye kikopo kikavu, isichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, na ikiwa ni ya majimaji ifike ndani ya nusu saa, kwa kuwa amiba hai hufa upesi.

Mfamasia (Mombasa)

Nizungumzie vidonge vya mama mdogo, kwa heshima zote, maana nia yake ni njema. Albendazoli ya miligramu 400 kwa dozi moja ni dawa nzuri kwa safura na kwa minyoo mviringo. Kwa strongiloidesi dozi hiyo ni dhaifu. Dawa inayotegemewa ni ivamektini, inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa. Giadia na amiba hazitaondoka kwa kidonge hicho kimoja, na kriptosporidiamu haitaguswa. Ninachohofia zaidi ni kwamba familia itasema "tulishampa dawa ya minyoo", daktari naye ataacha kutafuta. Pia albendazoli, ingawa ni kwa nadra na hasa ikitumiwa kwa siku nyingi au na mwenye ini bovu, inaweza kushusha chembe za damu zitokazo kwenye uboho, na uboho wa mama tayari umeelemewa na kemo.

Metronidazoli, ambayo watu hununua bila cheti kila tumbo linapovuruga, huongeza sumu ya florourasili mwilini. Mama huenda hatumii florourasili, lakini wapo wanaosoma hapa ambao wagonjwa wao wanaitumia. Prazikwanteli ya kichocho nayo hupungua nguvu ikimezwa pamoja na deksamethasoni. Kwa hiyo mfamasia wa hospitali aone orodha yote, na mwarobaini ukiwemo, maana hakuna anayeweza kumpimia daktari kiasi kilichomo katika chupa ile.

Kuhusu ivamektini nina maonyo mawili. Ile ya mifugo si ya binadamu hata kidogo, wala msishawishiwe na anayeiuza kwa bei nafuu. La pili ni kwa ndugu zetu wa Congo: aliyeishi katika misitu yenye ugonjwa wa loa, ule wa mnyoo wa machoni, amwambie daktari kabla ya kuimeza, kwa kuwa vijidudu vya loa vikiwa vingi kwenye damu dawa hiyo inaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo.

Muuguzi Mstaafu (Tanga)

Mwanangu, wenzangu wamesema ya hospitali, mimi niseme ya nyumbani. Maji ya mama yachemke hasa, yatokote walau dakika moja, kisha yafunikwe. Usitegemee vidonge vya klorini peke yake, kwa sababu kriptosporidiamu haifi kwa klorini ya kawaida. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, ilipita katika maji ya bomba yaliyokwisha kutibiwa na kuwaharisha watu wapatao 400,000. Vitakasa mikono navyo haviimalizi. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na anayemsaidia mama chooni asiwe ndiye anayekwenda moja kwa moja kukatakata kachumbari. Kwa sasa kachumbari yenyewe muiache. Mboga zipikwe, matunda yawe ya kumenya.

Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogokidogo kila baada ya kuharisha. Dawa ya kufunga choo msimpe mpaka daktari aruhusu. Na kwa wale wanaopenda kumpiga mgonjwa bomba ili kusafisha tumbo: kwa aliye kwenye kemo ni mwiko, maana mchubuko mdogo wa njia ya haja kubwa unatosha kuingiza bakteria kwenye damu.

Binti Anayeuguza (Dar es Salaam)

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Tulikwenda kwa daktari na maelezo yote. Sampuli ya kwanza haikuonyesha kitu; ya pili ilikuwa na mabuu ya strongiloidesi. Dripu imesogezwa mbele, mama ameanzishiwa ivamektini, na daktari anaangalia upya dawa za kuzuia kutapika. Mama mdogo amekubali kuiweka chupa yake pembeni. Sasa yeye anauliza kama sisi tunaokula na kulala na mgonjwa tumekwisha kuambukizwa, na kama mama atakuwa amepona akimaliza dozi.

Daktari wa Wodi

Marahaba kwa niaba ya muuguzi wetu. Mnyoo huyu kwa kawaida hupita kwenye udongo, si kwenye sahani wala kitanda, kwa hiyo kula pamoja si tatizo. Anayesafisha choo cha mama avae glavu na kunawa. Lakini mama mdogo amelima majaruba yaleyale, naye apimwe kwa sababu yake mwenyewe, kabla hajapewa steroidi kwa pumu, kwa maumivu ya viungo au kwa jambo lingine lolote. Kuhusu mama, dozi peke yake haithibitishi kupona. Choo kirudiwe kupimwa baada ya wiki chache, kwa njia ileile iliyoyaona mabuu, na kwa kuwa atabaki kwenye kemo kwa miezi, daktari anaweza kuamua kuirudia ivamektini. Muulizeni tarehe ya kipimo hicho sasa, iandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe ya dripu.