Mtafiti wa patholojia ya tumbo na utumbo: h-indeksi yake inaniambia nini hasa?

mwanafunzi_wa_slaidi

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu. Niko kwenye mafunzo ya patholojia na nataka nibobee kwenye magonjwa ya mfumo wa mmeng'enyo, kwa hiyo natafuta msimamizi wa utafiti na nimebaki na wawili. Wa kwanza ukifungua ukurasa wake wa Google Scholar unakuta makala kibao na h-indeksi ya kutisha, ila kwenye nyingi jina lake liko katikati ya orodha ndefu ya waandishi. Wa pili ana makala chache, namba zake za kawaida tu, lakini kuna moja ya zamani ambayo mpaka leo watu bado wanainukuu. Kila ninayemuuliza ananiambia nenda kwa mwenye namba kubwa. Hivi hizo namba zinapima nini kwenye fani yetu?

Darubini

Mkuu, swali zuri sana hili na ni vizuri umeuliza kabla hujaamua.

H-indeksi aliileta Jorge Hirsch mwaka 2005, na yeye ni mwanafizikia, hakuwa anafikiria biopsi, yaani vipande vya nyama tunavyochukua mwilini kuvichunguza kwa darubini. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Sasa chukua mtu mwenye makala moja iliyonukuliwa mara 5,000 na nyingine tisa zilizonukuliwa mara 3 kila moja, huyo h yake ni 3! Yaani ile kazi kubwa inahesabika sawa na nyingine yoyote, inamezwa kabisa.

Na kwenye fani yetu hiyo ndiyo shida yenyewe, kwa sababu kazi zilizobadilisha namna tunavyosoma slaidi za tumbo mara nyingi ni chache na fupi. Mwangalie Robin Warren, mwanapatholojia wa Perth, Australia. Mwaka 1979 akaanza kuona vijidudu vilivyopinda kwenye biopsi za tumbo zenye gastritisi (uvimbe wa ukuta wa tumbo), wakati imani ya wengi ilikuwa kwamba bakteria hawawezi kuishi kwenye asidi ile. Akavipaka rangi ya fedha vionekane vizuri, akaendelea kuviandika kesi baada ya kesi, baadaye akaungana na Barry Marshall, na Juni 1983 jarida la tiba la Lancet likachapa barua zao mbili, moja ya kila mmoja. Barua tu, wala si makala kamili! Mwaka uliofuata ndiyo ikaja makala ya wagonjwa 100 waliofanyiwa endoskopi (kuchunguzwa tumbo kwa mrija wenye kamera), mwaka 1994 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, likakiweka kijidudu hicho, Helicobacter pylori, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na 2005 wote wawili wakapewa Nobel. Sasa fikiria mtu angempima Warren kwa namba zake za mwaka 1983.

Mama_Biopsi

Nakubaliana na Darubini ila naongeza kitu, maana hata kunukuliwa sana kuna aina zake. Kwetu kinachonukuliwa kuliko vyote ni mifumo ya uainishaji na vipimo vya kupangia daraja. Laurén wa Finland aligawa saratani ya tumbo makundi mawili makuu mwaka 1965, ile ya aina ya utumbo na ile ya kusambaa, na bado tunaandika hivyo kwenye ripoti. Mfumo wa Sydney uliorekebishwa, wa 1996, ndio unaotuambia tuchukue vipande vitano na kutoka sehemu zipi za tumbo. Alama za Geboes za 2000 kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana zimetumika sana kwenye majaribio ya dawa, na kila jaribio likichapishwa zinanukuliwa tena. Anayenukuu hapo anatumia kipimo kama rula, si lazima awe ameshawishika na hoja fulani. Mimi naona huo ni mchango mkubwa mno, lakini ujue unachohesabu ni nini.

Afu makala za mapitio nazo hunukuliwa kuliko utafiti wenyewe, kwa hiyo zitenge kabla hujalinganisha watu.

nukta_nundu

Kwa kifupi: usilinganishe namba za Google Scholar na za Scopus (hifadhidata nyingine ya makala), Scholar inahesabu hadi tasnifu na vitabu kwa hiyo huwa juu zaidi. Na hakikisha ukurasa ni wa mtu mmoja kweli, majina yanayofanana huchanganywa sana, cheki ORCID yake, ile namba ya utambulisho ya kila mtafiti. Ukitaka kulinganisha fani kwa fani kuna RCR, kipimo cha unukuzi cha NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, 1.0 pale ni wastani wa makala za fani hiyohiyo zilizofadhiliwa na NIH.

mwanafunzi_wa_slaidi

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Na hili la jina kuwa katikati mnalionaje? Ina maana hakufanya kazi?

Mama_Biopsi

Hapana mwanangu, usimhukumu hivyo. Kwenye majaribio makubwa mwanapatholojia ndiye anayesoma slaidi zote bila kujua mgonjwa alipewa dawa gani, matokeo yote yanategemea jicho lake, na bado jina linawekwa la sita au la kumi. Siku hizi majarida mengi yana sehemu mwishoni inayosema kila mwandishi alifanya nini, kaisome. Kama kila mahali ameandikwa "alitoa sampuli" tu, hapo sawa uwe na wasiwasi. Kama ameandikwa "alisoma na kupanga madaraja ya biopsi zote", huyo ana kitu cha kukufundisha.

Darubini

Naunga mkono. Na huyo wa pili, chukua makala chache za miaka hii zinazoinukuu ile kazi yake ya zamani ukasome sentensi yenyewe inayomtaja. Ukiona wametumia vigezo vyake kwenye sehemu ya mbinu, kazi yake bado inafanya kazi maabara. Ukiona ametajwa kwenye utangulizi tu pamoja na wengine kumi, ni heshima ya kihistoria. Halafu angalia wanafunzi wao wa nyuma, wa nani waliishia kuwa waandishi wa kwanza. Ukishapata hayo rudi hapa utuambie, tutakusaidia kuandika barua ya kuomba nafasi.